Mystras: Mji wa ngome uliojengwa kwa hofu, ukahamwa wakati wa amani

MSAFIRI anayetoka mjini Sparti, kusini mwa Ugiriki, akielekea magharibi, huuona mlima Taygetos kabla ya kuona kitu kingine chochote. Kilele chake kinapita mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na kwa miezi kadhaa ya mwaka huwa kimefunikwa na theluji. Mbele ya mlima huo, kiasi cha kilomita sita kutoka Sparti, kimejitokeza kilima chenye umbo la pia, ambacho kimo chake ni takriban mita 620. Juu kabisa pana ngome. Kutoka ngomeni hadi karibu na bonde, ubavu mzima wa kilima umejaa magofu: kuta zisizo na mapaa, madirisha yanayotazama hewani, matao, ngazi za mawe, na hapa na pale kuba za makanisa ambayo hayajaanguka.

Huo ndio Mystras, mji wa Enzi za Kati ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuorodhesha miongoni mwa turathi za dunia mwaka wa 1989.

Wageni wengi hupanda huko wakitafuta habari za Kaisari wa mwisho wa Milki ya Bizanti, ile dola ya Kirumi ya mashariki iliyodumu zaidi ya miaka elfu moja. Habari hizo zipo, nazo zitasimuliwa hapa chini. Hata hivyo, magofu yenyewe yanaibua swali jingine lililo zito zaidi. Ni nini kilichowafanya watu waliokuwa na bonde pana, lenye maji na rutuba, wapande kuishi ubavuni mwa genge, ambako kila mzigo wa kuni na kila gunia la nafaka lilipandishwa kwa mgongo wa nyumbu au wa binadamu? Na ni nini kilichowashusha tena?

Anayetaka kupata jibu kwa miguu yake na aingie kupitia lango la juu, kisha ateremke. Malango ya wageni ni mawili, na wanaoanzia la chini wakati wa kiangazi hufika ngomeni wakiwa hoi, hawana tena hamu ya kutazama chochote.

Ngome ilitangulia mji. Mwaka wa 1204, Wanajeshi wa Msalaba kutoka Ulaya Magharibi waliokuwa wameondoka kwao kwa nia ya kupigana na Waislamu waligeuza njia na kuuteka Konstantinopoli, mji mkuu wa Wakristo wenzao. Ardhi za Bizanti ziligawanywa kama nyama ya mbuzi. Rasi ya Peloponnese, iliyoitwa Morea zama hizo, iliangukia mikononi mwa makabaila wa Kifaransa. Mmoja wao, Guillaume wa Pili wa Villehardouin, ndiye aliyejenga ngome juu ya kilima hicho mwaka wa 1249. Alitaka kulilinda bonde la mto Evrotas na kuwadhibiti watu wa milimani nyuma yake, jamii za Waslavi ambazo hazikuwa tayari kumtii mtu yeyote.

Guillaume hakuifaidi ngome yake kwa muda mrefu. Mwaka wa 1259 alishindwa vitani Pelagonia, kaskazini mwa Ugiriki, akakamatwa. Inasimuliwa kwamba alikutwa amejificha, na askari wakamtambua kwa meno yake ya mbele yaliyotokeza. Miaka miwili baadaye Kaisari Michael wa Nane Palaiologos aliukomboa Konstantinopoli, na bei aliyomtajia mfungwa wake ilikuwa ngome tatu: Monemvasia, Maina na Mystras.

Uamuzi wa kukubali au kukataa ulifanywa katika baraza lililokutana Nikli mwaka wa 1261, ambalo wanahistoria wamelipa jina la Bunge la Mabibi. Makabaila wengi walikuwa wamekufa au wamefungwa pamoja na mkuu wao, kwa hiyo waliokaa barazani walikuwa wake na wajane wao. Guy de la Roche, mtawala wa Athens, alipinga. Aliwaonya kwamba ngome hizo zikitolewa Wafaransa wataipoteza Morea yote, na kwa mujibu wa masimulizi ya zama hizo alikuwa tayari kwenda gerezani mahali pa Guillaume. Mabibi hao, ambao walitaka waume zao warudi nyumbani, walipiga kura ya kutoa ngome. Wanaume walirudi. Guy naye hakukosea: kuanzia Mystras, Wagiriki waliisogeza mipaka yao hatua kwa hatua, na kufikia miaka ya 1430 karibu rasi nzima ilikuwa mikononi mwao.

Ni katika miaka hiyo ya mwanzo ya vita ndipo mji ulipozaliwa. Wakazi wa Lakedaemonia, mji uliokuwa bondeni mahali pa Sparta ya kale, walijikuta kati ya majeshi mawili. Sparta ile ya kale ilijigamba kwamba haihitaji kuta kwa kuwa wanaume wake ndio kuta. Warithi wake wa karne ya 13 hawakuwa na anasa ya majigambo. Walibeba walichoweza, wakapanda kilimani chini ya kivuli cha ngome. Askofu wao aliwafuata na kiti chake. Nyumba zilipojaa ndani ya ukuta wa kwanza, wengine walijenga nje, kisha ukuta wa pili ukajengwa kuwazunguka. Ndiyo sababu hadi leo kuna Mji wa Juu na Mji wa Chini.

Ngomeni kwenyewe hakuna mengi ya kuona zaidi ya kuta, mnara na mahali palipohifadhiwa maji ya mvua. Kinachomlipa mpandaji ni mandhari. Upande mmoja ni genge la kutisha linaloshuka hadi korongoni. Upande wa pili ni bonde la Evrotas lenye mashamba ya mizeituni na michungwa, na Sparti mpya iliyopangwa kwa barabara zilizonyooka. Mtu akisimama hapo haitaji maelezo ya mwanajeshi kufahamu kwa nini pahali hapa palipiganiwa.

Kuteremka kutoka hapo kunampeleka mgeni kwenye kanisa la Agia Sofia, kisha kwenye Kasri la Madespoti. Neno despoti lisimpotoshe msomaji. Leo lina maana ya dikteta, lakini katika Bizanti kilikuwa cheo cha heshima alichopewa mwana au ndugu wa Kaisari. Kuanzia katikati ya karne ya 14 Konstantinopoli ilimtuma Manuel Kantakouzenos, mwana wa Kaisari John wa Sita, kuitawala Morea akiwa na cheo hicho. Alikaa hadi kufa kwake mwaka wa 1380. Baada yake walifuata Madespoti wa ukoo wa Palaiologos.

Kasri hilo lina mabawa mawili yaliyojengwa kwa vipindi tofauti, la kwanza likianzia zama za Wafaransa wenyewe. Ghorofa ya juu ya bawa la pili ilikuwa na ukumbi mkubwa wa enzi. Mbele ya kasri pana uwanja, na inafaa kusimama hapo kwa dakika chache, kwani ndio mahali pekee pa maana palipo tambarare katika mji mzima. Kwingineko kote ni mteremko. Vichochoro ni vyembamba na vingine vinapita chini ya nyumba za watu. Gurudumu halikuwa na kazi hapa. Kasri limekuwa likikarabatiwa kwa miongo mingi, kuta zikainuliwa na mapaa kurudishwa. Wapo wanaolalamika kwamba mawe mapya yamelifanya lipoteze haiba ya ugofu. Lawama hiyo ina ukweli, ingawa jengo lililoachwa lianguke halina haiba yoyote kwa kizazi kijacho.

Mtu akipita Lango la Monemvasia huwa ameacha Mji wa Juu wa wakubwa na kuingia Mji wa Chini, ambako kuna hazina halisi ya Mystras: makanisa na michoro ya kuta zake.

Monasteri ya Brontochion ina kanisa la Odigitria, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na kiongozi wa watawa aliyeitwa Pachomios. Mtu huyu aliijua dunia. Alipata kutoka kwa Kaisari hati kadhaa zilizoipa monasteri yake ardhi na haki mbalimbali, halafu, badala ya kuzifungia sandukuni tu, aliagiza zinakiliwe neno kwa neno ukutani mwa chumba cha pembeni cha kanisa. Ziko hapo hadi leo. Hatimiliki iliyoandikwa ukutani mwa kanisa haichomeki kwa urahisi, haipotei katika faili za afisi, na hakuna mnyakuzi atakayedai kwamba yake ndiyo ya kweli. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi busara ya Pachomios.

Kanisa la Peribleptos, upande wa kusini mashariki, ni dogo na limejibanza kwenye mwamba kiasi kwamba sehemu yake moja ni pango. Michoro yake ya karne ya 14 ndiyo bora zaidi katika mji huu. Mgeni mwenye muda wa kanisa moja tu na aende huko, hata kama vitabu vya watalii vitamsukuma kwanza kwenye kanisa kuu. Wachoraji wa Peribleptos hawakuridhika na watakatifu waliosimama wima kama nguzo. Waliweka huzuni katika nyuso, uzito katika miili, na nyuma ya watu wakachora milima yenye magenge ambayo mtu akitoka nje ya mlango anaiona.

Pantanassa ilijengwa mwaka wa 1428 na John Frangopoulos, waziri mkuu wa Despoti. Hilo lilikuwa kanisa kubwa la mwisho kujengwa hapa, na wajenzi wake walikopa mapambo ya matao kutoka Ulaya Magharibi bila haya yoyote. Pantanassa ina jambo jingine ambalo makanisa mengine hayana: watu. Watawa wa kike wachache wanaishi hapo, wanatunza maua, wanadarizi vitambaa na kusali saa zao. Ndio wakazi pekee wa Mystras. Vazi la heshima ni sharti. Mwenye kaptura au mabega wazi asitarajie kukaribishwa.

Mji huu mdogo ulikuwa pia na shule ya fikra. Mwanafalsafa Georgios Gemistos, maarufu kwa jina la Plethon, aliishi na kufundisha hapa kwa miongo kadhaa hadi alipofariki katikati ya karne ya 15 akiwa mkongwe mno. Aliwaandikia watawala akiwahimiza wabadilishe kodi, umiliki wa ardhi na jeshi, maana aliona wazi kwamba dola iliyotegemea askari wa kukodi haingedumu. Hakuna aliyemsikiliza. Mwaka wa 1439 alikuwa Florence katika mtaguso wa kuyaunganisha makanisa ya Mashariki na Magharibi, na mihadhara yake kuhusu Plato iliwasisimua Wataliano wasomi; Cosimo de' Medici ni miongoni mwa wanaotajwa kuathiriwa nayo. Baada ya kifo chake kitabu chake cha Sheria, kilichosifu miungu ya kale ya Wagiriki, kilichomwa moto kwa amri ya Patriaki Gennadius. Mifupa yake nayo haikutulia. Katika miaka ya 1460 jemadari Mtaliano Sigismondo Malatesta, aliyekuja kupigana na Waturuki kwa niaba ya Venice, alishindwa kuiteka ngome ya juu, lakini aliondoka na masalio ya Plethon na kuyazika katika kanisa lake mjini Rimini. Yangaliko huko.

Kanisa kuu la Mtakatifu Demetrios liko karibu na lango la chini, na uani mwake pana jumba la makumbusho. Sakafuni kuna bamba la jiwe lililochongwa tai mwenye vichwa viwili. Mapokeo yanasema kwamba Constantine Palaiologos, Despoti wa Morea, alisimama hapo tarehe 6 Januari 1449 akatangazwa kuwa Kaisari. Kutangazwa kwake Mystras siku hiyo hakuna shaka. Kama kulifanyika ibada kamili ya kuvikwa taji, na kama ilikuwa juu ya jiwe hilo, ni mambo ambayo wataalamu wanabishania. Alilokwenda kulifanya linajulikana zaidi: alisafiri hadi Konstantinopoli, na tarehe 29 Mei 1453 alikufa akiupigania, mji ulipotekwa na Sultan Mehmed wa Pili.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili hawatauona ulimwengu huu kuwa mgeni kabisa. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka wa 1728 na Bwana Mwengo, unasimulia vita vya Waislamu dhidi ya Herekali, Kaisari wa Rumi. Herekali huyo ndiye Heraclius aliyeketi Konstantinopoli katika karne ya saba, na Constantine alikuwa mrithi wa mwisho wa kiti chake.

Konstantinopoli ilipoanguka, Mystras ilibaki. Ilibaki kwa miaka saba, na miaka hiyo ni ya kusikitisha. Ndugu wawili wa Kaisari aliyeuawa, Demetrios na Thomas, waligawana Morea. Demetrios alikuwa Mystras na Thomas upande wa kaskazini magharibi. Badala ya kuungana, walipigana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akitafuta msaada wa nje, Demetrios kwa Sultan na Thomas kwa Papa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwishoni mwa Mei 1460 Mehmed alifika mwenyewe na jeshi lake chini ya kilima. Ngome ambayo haikuwahi kutekwa kwa nguvu na Wafaransa tangu waitoe haikurusha mshale. Demetrios alifungua malango.

Amelaumiwa na wengi, na si bila sababu. Lakini mji aliousalimisha haukuchinjwa wala kuchomwa, ilhali miji ya Morea iliyopinga mwaka huo ilionja upanga. Demetrios alimalizia siku zake Edirne, akafariki mwaka wa 1470 akiwa mtawa. Thomas alikimbilia Roma akiwa na kichwa cha Mtakatifu Andrea kutoka Patras, ambacho Papa Paulo wa Sita alikirudisha Ugiriki mwaka wa 1964. Binti wa Thomas, Sophia, aliolewa mwaka wa 1472 na Ivan wa Tatu, mtawala wa Moscow.

Vitabu vingi hufunga habari za Mystras hapo. Ni kosa, kwa sababu mji wenyewe haukufungwa. Waturuki waliutawala, wakafuatwa na Waveneti kati ya 1687 na 1715, kisha Waturuki wakarudi. Watu waliendelea kuoa, kuuza hariri, kujenga na kubatiza watoto. Makaisari walikuwa wamekwisha sahaulika na mji bado una moshi wa jikoni.

Kilichouvunja kilianza mwaka wa 1770. Wagiriki wa Morea waliasi kwa kuchochewa na Warusi, akina Orlov, ambao waliahidi makubwa na kuleta machache. Maasi yaliposhindwa, wapiganaji wa Kialbania waliotumwa kuyazima waliupora na kuuteketeza Mystras. Mji ulijikongoja. Kisha mwaka wa 1825, katikati ya vita vya uhuru wa Ugiriki, majeshi ya Ibrahim Pasha, mwana wa Muhammad Ali wa Misri, yaliuchoma tena.

Hata hapo ungeweza kujengwa upya, kama ulivyojengwa awali. Lakini hali ilikuwa imebadilika. Ugiriki ilikuwa sasa dola huru, na mwaka wa 1834 Mfalme Otto, kijana kutoka Bavaria, aliamuru Sparti mpya ijengwe bondeni, ikiwa na barabara pana na jina ambalo Ulaya yote ililijua. Serikali, masoko na shule vilikuwa huko. Hakukuwa tena na jeshi la adui la kukimbiwa. Kilima kilichokuwa kinga kwa karibu miaka 600 kiligeuka mzigo: maji ni ya taabu, barabara ni ngazi, mashamba yako mbali chini. Familia moja baada ya nyingine iliteremka njia ileile ambayo mababu zake walipanda, na mawe ya nyumba za zamani yakashushwa kujengea mpya.

Wachache walishikilia. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu Mfaransa Gabriel Millet alipokuja kupima na kupiga picha makanisa, bado kulikuwa na kaya miongoni mwa magofu. Wa mwisho waliondolewa na serikali katika miaka ya 1950 ili mahali pahifadhiwe kama urithi wa taifa. Uhifadhi una gharama zake, na hapa iligharimiwa na watu waliokuwa hawajauacha mji wa mababu zao. Watawa wa Pantanassa waliruhusiwa kubaki.

Kwa anayepanga safari, Sparti iko umbali wa takriban kilomita 220 kutoka Athens na mabasi huenda kila siku. Kutoka Sparti hadi Mystras kuna mabasi na teksi. Dereva aelezwe mapema kwamba unataka lango la juu. Mkenya atahitaji viza ya Schengen. Saa tatu ni kiwango cha chini, na mwenye kupenda michoro atenge siku nzima. Viatu viwe vya kushika mawe, kwani ngazi zimelainishwa na nyayo za karne nyingi na huteleza hata zikiwa kavu. Majira mazuri ni Aprili, Mei na Oktoba. Joto la kiangazi nchini humo limezidi kuwa kali: mwaka wa 2023 na wa 2024 hata Acropolis ya Athens ililazimika kufungwa saa za adhuhuri. Maji yabebwe kabla ya kupanda. Chini ya kilima kuna kijiji cha Mystras ya leo chenye mikahawa, miti ya kivuli, na sanamu ya Constantine akiwa ameshika upanga.